Jicho la Mjomba Kalonda

Mashine ikitoboa ubao uliobanwa juu ya chuma, mwanzo inanuka mbao tu. Halafu inapogusa chuma harufu inabadilika, inakuwa kali, chungu, inashika kooni. Wiki iliyopita kijana mmoja alikuwa anafunga mbao kwenye geti la chuma, hapa Kasongo, ng'ambo ya barabara na matanga ya baba yangu. Watu wamekaa chini ya turubai wanazungumza mambo yao, mimi nikainuka, nikavuka, nikamwambia azime ile mashine. Akaniuliza kwa adabu tu, mama, kuna nini. Nikamjibu maneno ambayo mwanamke wa umri wangu haambii mtoto wa watu, tena karibu na matanga. Pikipiki mbili zikasimama kusikiliza.

Alizima. Nikarudi kukaa. Shangazi akanishika bega akasema pole, ni uchungu wa baba. Nikamwacha aamini hivyo, kwa sababu habari yenyewe ni ndefu na haifai kusimuliwa mbele ya chakula cha watu.

Ninyi wa rika langu mnawajua mafundi wa zamani, namna walivyoheshimiwa mjini na walivyoogopwa nyumbani. Baba yangu alikuwa seremala. Mbao alizishika taratibu, akipitisha kiganja juu yake na kuzipuliza vumbi. Sisi hatukushikwa hivyo. Nyumbani kwetu hapakuwa na fimbo maalumu ya kuchapia watoto, kwa sababu mabaki ya mbao yalikuwa kila kona, na mkono wake haukuhitaji kutafuta. Mama alipigwa kwa hayohayo. Nasema wazi, amekwisha kufa, na sitamvalisha kanzu nyeupe leo kwa sababu watu wanakula wali wake.

Mwaka ninaousema nilikuwa shule ya msingi, mwaka wa tatu, na shule ilikuwa imefungwa kwa likizo. Mfanyabiashara mmoja, ambaye sisi sote tulimwita Patroni, alikuwa amenunua boti kuukuu ya chuma, akaipandisha nchi kavu kando ya Lualaba, juu ya magogo, mwisho wake wa nyuma ukiwa bado majini. Alitaka kubebea watu na mizigo mpaka Kindu. Lakini boti ya chuma tupu ni adhabu. Mchana inachoma mgongo wa anayeegemea, na alfajiri inatoa jasho, maji yanachirizika ndani na kulowesha magunia ya mchele. Kwa hiyo Patroni alitaka ndani yote ivalishwe mbao. Baba akapewa kazi ya mbao. Kazi ya chuma ikapewa Mjomba Kalonda, kaka mkubwa wa mama, aliyekuwa mchomea vyuma kule Salamabila kwenye dhahabu, mtu mpole mwenye sauti ndogo.

Niwaeleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa. Ubao hauwezi kupigiliwa msumari kwenye chuma. Boti ina mbavu zake za chuma, zimesimama toka sakafuni mpaka ukingoni, na juu ya mbavu hizo unafunga kwanza fito za mbao ngumu, sisi tuliziita lati. Baba alichagua mti wa kambala, akachana lati kwa msumeno, unene wa vidole viwili. Kati ya lati na chuma alikuwa anaweka ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, ili jasho la chuma lisiozeshe mbao. Kisha anatoboa, mashine inapita kwenye mbao, kwenye mpira, inaingia kwenye ubavu. Anapitisha bulo ndefu, bolti ya chuma. Upande wa nyuma mtu anashika ekru, nati yake, mpaka bulo iume. Baada ya hapo mbao za ukuta zinapigiliwa kwenye lati kwa misumari, kama nyumba yoyote.

Shida ilikuwa hapo nyuma. Kati ya ubavu na ngozi ya boti kulikuwa na nafasi nyembamba, mkono wa mwanamume hauingii. Mkono wangu uliingia. Ndiyo maana nilikwenda botini kila siku na wala si kaka zangu, na ndiyo maana baba kwa mara ya kwanza alijua jina langu bila kuita kwanza majina ya wengine wawili.

Nilijivunia. Msinicheke. Nilikuwa nachuchumaa mle ndani, joto kama tanuru la matofali, mkono nyuma ya chuma mpaka begani, na baba upande huu anasema, "Shika, Feza. Iko inaingia." Nilisikia bulo ikigusa vidole vyangu, nikaishika ekru kwa kucha. Ikishika vizuri hasemi kitu. Ekru ikiniponyoka, inalia chini ya sakafu ting-ting-ting, na kabla haijanyamaza nimekwisha kula kipande cha lati kwenye mashavu ya miguu. Hakuwa akisimamisha kazi ili anipige. Alipiga kama mtu anayefukuza nzi, halafu anasema, "Ingine." Mjomba Kalonda alikuwa upande wa mbele anachomea, na kila nilipopigwa moto wake ulizimika kidogo, kisha ukawaka tena.

Mjomba hakusema neno, na hakutakiwa kusema. Kwetu mume wa mtu na kaka wa mkewe hawaambiani kosa uso kwa uso. Wanaweza kula sahani moja, kubeba mzigo mmoja, hata kucheka pamoja, lakini neno la kukosoa halitoki kwa mmoja likaingia kwa mwingine moja kwa moja. Linapita kwa mwanamke aliye kati yao. Kaka anamwambia dada yake, dada anasubiri mumewe ameshiba, analitoa kidogo kidogo kama neno lake mwenyewe. Anayevunja hilo amemvua shemeji yake nguo mbele za watu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na ninapolieleza jambo hili leo damu inanipanda kichwani.

Jumapili moja vidole vyangu vilikuwa vimevimba, kucha moja imekuwa nyeusi. Mama aliniona nikishindwa kumega ugali. Hakupaza sauti. Alisema tu, anapomsogezea baba kitoweo, "Mutoto apumuzike kesho. Vidole vyake viko vinaoza."

Baba aliendelea kula. Alimaliza, akanawa, akajipangusa. Kisha akachukua kipande cha mbao kilichokuwa kimeegemezwa mlangoni na kumpiga mama usoni nacho, mara moja, kwa ubapa wake. Mama alianguka juu ya sufuria. Akamfuata chini akaendelea mgongoni. Kaka zangu walikimbilia kwa jirani. Mimi nilibaki nimesimama na mkono wangu wenye ugali, kwa sababu niliona wazi kwamba anapigwa kwa ajili yangu, na nikawaza nikikimbia atanigeukia mimi. Mchuzi ulikuwa umemwagika mpaka miguuni pangu, wa moto, na sikusogea.

Jumatatu asubuhi Mjomba Kalonda alipita nyumbani kutuchukua kama kawaida yake. Mama alikuwa amekaa jikoni, kitambaa cha kichwa kimeshushwa mpaka usoni, lakini uso wake ulikuwa umevimba upande mzima na jicho halionekani.

"Dada, umeamuka namna gani?"

"Nimeamuka, yaya," mama akamjibu kaka yake.

Mjomba alimtazama. Akainama, akachukua sanduku la vyombo vyake, akatoka. Njia nzima mpaka mtoni alitembea mbele yetu, na mimi nilikuwa naangalia shingo yake. Ilikuwa imekaza, mishipa imetoka. Nikajua kabisa, kwa akili yangu ya mtoto, kwamba siku ile Mjomba atalipiza.

Mchana baba alikwenda kula samaki na Patroni, kwa mama mmoja aliyekuwa anakaanga pale bandarini. Mimi nilikuwa nimelala juu ya rundo la mbao, kivulini. Nikasikia ufunguo wa bulo, ile spana, unalia ndani ya boti. Nikachungulia. Mjomba Kalonda alikuwa amepiga magoti nyuma kabisa ya boti, pale tulipofunga lati tangu Ijumaa, na alikuwa anazitoa. Alikuwa amekwisha kutoa mbili, ameziweka pembeni na bulo zake zikiwa bado zimening'inia, na ya tatu ilikuwa inalegea. Alikuwa anafanya upesi na kwa siri, anatazama mlangoni kila mara.

Nilielewa kila kitu, ndivyo nilivyodhani. Anaharibu kazi ya baba kwa ajili ya uso wa mama. Na mara hiyohiyo nikaelewa jambo la pili, lililonitisha zaidi. Baba akikuta lati zimelegea, nani atalaumiwa? Aliyeshika ekru. Atasema sikushika. Nilihisi mbao kwenye mashavu ya miguu yangu kabla hata hajaniona.

Nikakimbia. Nilifika pale kwenye samaki natweta, na mbele ya Patroni na watu wote nikasema, "Baba, muyomba iko anatoa lati zako. Mimi nilishika vizuri. Ni yeye."

Naikumbuka ile furaha. Ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo. Baba aliniwekea mkono kichwani alipokuwa anainuka, mkono mzito wenye mafuta ya samaki, na kwa kitambo hicho kifupi nilikuwa mtoto wake kweli.

Aliingia botini bila kuuliza, mimi nyuma yake. Mjomba alikuwa ameinama, mkono mmoja umeingia hadi kwenye kiwiko katika nafasi aliyoifungua. Baba aliinua moja ya zile lati zilizokuwa pembeni. Mjomba akasikia, akageuka, akasema, "Shemeji, ngoja," na hapo ndipo lati ilipomkuta. Bulo ilikuwa bado imechomoza mwisho wake. Iliingia kwenye jicho la kushoto.

Sitaieleza sauti ile. Baba aliivuta lati akapiga tena, begani, na tena kwenye mkono ambao Mjomba aliuinua, mpaka nikasikia mfupa. Mjomba alikuwa na ufunguo wa chuma katika mkono wake mzima, mkubwa, wa kuua mtu. Hakuuinua. Alijikunja tu, kichwa kwenye magoti, na baba anampiga mgongoni kwa mkono na pumzi za mtu anayepasua kuni. Vibarua watatu waliingia wakamvuta baba kwa nguo mpaka shati likachanika. Alikuwa anarudia neno moja, "Kazi yangu. Kazi yangu."

Patroni aliingia wa mwisho. Alimruka Mjomba, akainama kwenye ile nafasi, akawasha tochi. "Hii maji inatoka wapi?" akauliza.

Mjomba alijibu akiwa chini, damu inapita kati ya vidole. "Kiraka niliyochomea zamani iko inalia maji. Nilitaka pabakie mulango mudogo, wa kufungua na kufunga, ili tuione. Tukifunika yote, boti itajaa kule katikati ya muto na hakuna mutu atajua."

Baba alikuwa ameifunika ile sehemu Ijumaa kwa haraka ya kutaka kumaliza, hakutazama nyuma yake, na mimi ndiye niliyeshika ekru zake. Mjomba alikuwa ameliona kosa. Neno lake lilipaswa kupita kwa mama, ndiyo njia. Lakini asubuhi ile mama hakuwa na uso wa kumpelekea mumewe neno lolote. Basi aliamua kulirekebisha mwenyewe kimya kimya, baba akiwa anakula, ili shemeji yake asiaibike mbele ya Patroni. Hayo nilikuja kuyapanga kichwani polepole. Saa ile nilichoona ni maji membamba yanayotiririka juu ya chuma, na baba anayatazama, na lati bado mkononi mwake.

Mjomba alipelekwa kwenye kituo cha afya kwa baiskeli, amekalishwa nyuma, mtu anamshikilia. Jicho halikupona, lilitolewa. Mkono ulifungwa kwa vipande vya lati zetu, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa karibu.

Habari ilifika Lusangi, kwa ndugu za mama, kabla ya siku tatu. Alhamisi asubuhi wajomba wanne waliingia uani kwetu na pikipiki mbili. Mama hakuwepo, alikuwa amekwenda alfajiri kumpelekea Mjomba uji. Wajomba hawakubisha hodi. Aliyekuwa mkubwa wao, mtu mfupi mwenye ndevu, aliupiga mlango teke ukatoka na bawaba zake. Walimkuta baba anavaa shati. Walimburuta nje wakimshika miguu, kichwa kinagonga kizingiti, wakamtupa kwenye takataka za randa, na kila mmoja akachukua ubao katika mbao zake mwenyewe.

Nimeona mengi baada ya hapo. Mwaka fulani wenye bunduki walipita kijiji tulichokuwa tumekimbilia huko Kabambare, na niliona wanachofanya. Lakini sikuona tena watu wanaopiga kwa bidii namna ile, kwa zamu, bila matusi, kama wanaolima shamba. Meno yalitoka. Kaka yangu mkubwa alijaribu kuingia, akasukumwa ukutani, akazimia. Mmoja aliingia ndani akapasua masufuria, akakata meza ya kazi kwa shoka, akavunja randa zote tatu juu ya jiwe la kunolea. Majirani walisimama ukingoni mwa uwanja. Hakuna aliyewazuia, maana kila mtu alijua walikuwa na haki.

Yule mwenye ndevu aliwaambia majirani, "Tumekuja kumubeba dada yetu. Huyu tukimuacha na roho yake, ashukuru Mungu."

Nilikuwa nimejificha nyuma ya pipa la maji. Baba alikuwa anakoroma, damu inatoka puani na mapovu. Alikuwa ni yeye aliyenipiga, aliyempiga mama, na nilikuwa namchukia hata leo naweza kuionja chuki ile. Lakini alikuwa anakufa mbele yangu na mimi ndiye nilikuwa na ulimi ulioanzisha yote. Niliwaza, nikisema ni mimi, watamwacha yeye wanishike mimi. Nikatoka nyuma ya pipa. Nilifika katikati ya uwanja, nikafungua mdomo.

Mkono ukanifunga mdomo kutoka nyuma. Ulikuwa wa mama. Alikuwa ametokea njia ya jikoni, uso bado mweusi upande mmoja, na kwa mkono wa pili alikuwa anamshikilia Mjomba Kalonda, kichwa chote kimefungwa bendeji.

"Muache huyo mutu," Mjomba akasema.

Mwenye ndevu akageuka, ubao bado juu. "Kalonda, rudi ukalale."

"Muache. Hakunipiga. Niliteleza ndani ya boti, nikaangukia bulo."

Mwenye ndevu alimtazama ndugu yake, akatazama mkono uliofungwa kwa lati, akatazama uso wa mama. "Na mukono je, ilivunjika pia kwa kuteleza?"

"Ndiyo. Huyu shemeji ndiye alinishika nisiingie chini ya mashini. Angeniacha ningekufa."

Alisema hivyo mbele ya majirani wote, akielekeza bendeji yake mahali baba alipokuwa amelala. Baba alisikia. Jicho lake moja lilikuwa wazi, liko juu ya Mjomba, na midomo yake iliyopasuka ilikuwa inajaribu kusema kitu na haikuweza. Wajomba waliangusha mbao mmoja mmoja. Mtu akiwa amesema mwenyewe kwamba hakudhulumiwa, ndugu zake wanalipiza nini? Waliwasha pikipiki. Mwenye ndevu alitema mate mbele ya mama kabla ya kupanda, kwa sababu alijua ni uongo.

Mama hakwenda Lusangi. Alibaki. Baba alipona baada ya wiki nyingi, akarudi kwenye boti, akatengeneza ule mlango mdogo pale kwenye kiraka, kwa bawaba nzuri za shaba, na mimi nikamshikia. Hakusema ulikuwa wazo la nani. Patroni alimsifu.

Mnataka niwaambie kwamba aliacha kupiga. Hakuacha. Alipumzika msimu mmoja, kisha akaanza upya, na mama akaendelea kuwa pale. Baba akinishikia fimbo mimi, mama alikuwa anaingia kati na mgongo wake. Kila mara. Hata akiwa shambani alikuwa anatokea, sijui alikuwa anasikiaje. Na mimi nilivyozidi kukua nikaanza kumdharau. Nilimwona mjinga. Ndugu zake walikuja na mlango ulikuwa chini, njia ilikuwa wazi, na yeye akamleta mgonjwa aseme uongo ili abaki na mwanamume yule. Nilijua, au nilidhani najua, kwamba yeye na Mjomba waliilinda heshima ya baba kuliko miili yao. Bwana wangu wa kwanza aliponipiga kofi moja, nilifunga mtoto mgongoni na kuondoka asubuhi hiyohiyo, na nilimwambia mama usoni kwamba mimi si kama yeye. Alisema, "Vizuri, mama. Umefanya vizuri." Nikaona hata hapo hana hasira.

Sasa baba amekufa, kwa kisukari, kitandani pake. Mjomba Kalonda amekuja kutoka Kabambare kwa pikipiki, mzee, amekonda, na anapokaa chini ya turubai anachagua kiti cha upande wa kushoto kabisa ili jicho zima lione watu wote. Siku ile niliyomfokea kijana wa mashine aliniita.

"Feza, kuja hapa."

Nikaenda nikakaa kwenye mkeka miguuni pake. Akasema, "Mashini haina kosa." Ndipo nikasema. Miaka yote ile, na nikasema haraka kama ninayetapika, "Muyomba, ni mimi nilimuambia. Ulikuwa unatoa lati, nikadhani unalipiza kwa ajili ya mama, nikamuita."

"Najua. Nilisikia miguu yako kwenye ubao wa kupandia. Miguu ya mutoto."

"Unajua, na bado ulikuja kumuokoa. Ulisema uliteleza. Kwa nini? Ulimupenda namna gani mutu kama yule?"

Aligeuza kichwa kizima kunitazama kwa jicho lake. "Mimi? Kumupenda?" Alicheka kidogo, bila furaha. "Sikia. Nilikuwa nimelala pale kwa madaktari, nasubiri habari kwamba ameisha kufa. Nilitaka bamuue. Nilikuwa nimetuma mutu mimi mwenyewe kwenda Lusangi kuwaita."

Nilijisogeza karibu naye kwenye mkeka.

"Mama yako alifika na uji asubuhi ile, amesikia kwamba ndugu zetu wako njiani. Akaniambia niamuke twende nikaseme niliteleza. Nikamuambia, dada, wewe ni wazimu, angalia uso wako. Leo tunakubeba. Akaniambia, mimi mutanibeba, ndiyo, na watoto? Watoto ni ba bwana. Ndugu zake bwana watawashika, na mimi nitakwenda Lusangi peke yangu. Kesho yule ao ndugu yake akimushikia Feza fimbo, nani atasimama katikati?"

Upande wa pili watu walikuwa wanapakua chakula. Mjomba alingoja mtoto mmoja apite na sahani.

"Nikakataa. Nikamuambia hapana, lazima alipe. Akaweka bakuli ya uji chini. Akanikalia kifuani, mimi mugonjwa, mukono umevunjika. Akaniwekea kidole gumba hapa, chini ya jicho lililobaki, akafinya. Akaniambia, yaya, ukinitoa kwa watoto wangu, hii ya pili nitaitoa miye mwenyewe." Akaligusa taratibu mahali penyewe. "Alikuwa ameanza kuitoa, Feza. Nikamuambia basi, nisaidie nivae viatu."

Mama alikuwa kule jikoni, anagombana na shangazi juu ya chumvi, sauti yake ndogo, mgongo umepinda. Nilimtazama mpaka akahisi, akainua kichwa akaniuliza nimekwisha kula. Nikasema bado. Akapakua sahani yangu, akaweka vipande viwili vya nyama badala ya kimoja, akaniletea mwenyewe.